Mkasi wa Kinyozi na Tumbili Aliyeitwa Mteja

Tegeni sikio, jirani zangu, hasa nyinyi mnaowapeleka watoto matembezi siku za Jumapili. Kisa hiki ni cha nyumba moja tu, lakini lawama yake inatosha mtaa mzima, nami sitaipunguza hata kidogo.

Palikuwa na kinyozi mcheshi. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, na benchi ambalo halikukosa watu. Hata wenye vipara walikwenda pale, si kunyolewa bali kusikiliza maneno. Mkewe alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa maneno machache, na mtoto wao mmoja, binti mdogo, walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa.

Kila Jumapili watatu hao walikwenda kwenye hifadhi ya msitu iliyokuwa pembeni mwa mji. Msidhani ni hifadhi ya simba na tembo. Ilikuwa na njia ya mchanga inayozunguka bwawa, mabenchi ya mbao, bembea chache, na miti mirefu yenye tumbili. Pale mama alivua viatu akanyoosha miguu iliyochoshwa na cherehani. Chiriku alihesabu vipepeo, akakosea, akaanza upya. Baba alilala chali kwenye nyasi, mkasi wake ukiwa mfukoni mwa shati kama kawaida, maana bila mkasi alijiona yuko uchi.

Langoni alikaa mjane mmoja aliyeuza karanga za kukaanga katika vikaratasi. Watu walimwita Mama Karanga. Kila aliyenunua, mjane alimwambia neno lile lile: "Kuleni hapa hapa kwanza, ndipo muingie. Humo ndani mna wenyewe."

Na hatua chache mbele yake palikuwa na kibao: USIWAPE WANYAMA CHAKULA. Chiriku alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma, basi kila Jumapili alikisoma kwa sauti ya kutangaza.

"Hongera, umesoma vizuri," baba yake alimjibu siku moja. "Sasa tuone kama tumbili nao wamesoma."

Siku hiyo ndipo mambo yalipoanzia. Kinyozi alitoa ndizi, akaikata vipande kwa mkasi, maana mtu yule alikata kila kitu kwa mkasi, hata mkate. Kisha, kama wafanyavyo vinyozi kabla ya kugusa kichwa cha mtu, akauchezesha mkasi hewani: kacha, kacha, kacha. Tumbili mmoja, mkia wake umekatika nusu, akateremka mtini akaja kusimama mbele ya benchi.

"Karibu kiti, mteja!" kinyozi akasema huku akiinama kwa heshima. "Tupunguze pembeni tu, au tushushe zote?"

Chiriku alicheka hadi akakaa chini. Na hicho kicheko ndicho kilichomlevya baba yake. Wengine hulewa pombe, huyu alilewa kuchekesha.

Jumapili baada ya Jumapili, mchezo ukakua. Ikawa haina haja tena ya kuonyesha ndizi. Kinyozi alikaa benchini, akaficha kipande katika ngumi, akachezesha mkasi. Mteja alikuja hata kama alikuwa ng'ambo ya bwawa. Alipanda benchi, akaishika ile ngumi kwa vijimkono vyake vyeusi, akaifungua kidole kimoja kimoja, akachukua chake.

"Baba Chiriku," mkewe alimwambia, "kile kibao kinasema nini?"

"Kibao hakina tumbo, mke wangu. Mteja wangu analo."

Mke alitabasamu bila kupenda. Msimlaumu peke yake. Mimi nawe tungekuwa pale tungecheka, pengine tungetoa na simu tupige picha. Ubaya unaokuja umenuna tunaujua, tunaufungia mlango. Huu ulikuja ukichekesha, ukapewa kiti.

Jumapili moja mama alibaki nyumbani kumalizia gauni la bibi harusi. Kinyozi na Chiriku walikuwa kwenye bembea. Karibu na bwawa, kwenye benchi lile lile la mchezo wa kinyozi, alikaa mama kijana aliyempakata mwanawe. Mtoto alikuwa ametulia, basi mama akaona ni nafasi nzuri ya kumkata kucha. Akatoa kijimkasi katika mkoba.

Kacha. Kacha.

Mteja akateremka mtini. Akapanda benchi kama alivyozoea. Yule mama akapiga yowe, na mtoto, kwa hofu, akakunja ngumi. Nanyi mnajua tumbili yule alikuwa amefundishwa nini kuhusu ngumi. Akaishika, akavuta kidole. Mtoto akazidi kuikaza. Tumbili akauma.

Watu walikimbilia kule kutoka kila upande. Kinyozi alikuwa ameona tangu mwanzo hadi mwisho, ndizi ikiwa ndani ya mfuko wake. Je, naye alikimbilia kule? La. Alimshika binti yake mkono akatokea njia ya nyuma.

"Baba, ni Mteja yule!"

"Nyamaza."

"Lakini baba, amedhani kwamba—"

"Nimesema nyamaza!"

Aliambiwa anyamaze, na Chiriku akanyamaza kweli.

Habari zilizofuata zilikuwa nzito. Kidole gumba cha mtoto kilishonwa, tena akachomwa sindano. Mkuu wa hifadhi alitaka kujua ni nani aliyewazoesha tumbili vyakula vya watu. Sasa, watu wakitafuta mkosaji hawaendi mbali, humshika aliye karibu. Wakaangalia langoni, wakaona karanga. Meza ya Mama Karanga ilipinduliwa mbele ya kadamnasi, karanga zikamwagika mavumbini, akaambiwa asionekane tena pale. Tena, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtambua tumbili aliyeuma, iliamuliwa kundi zima, wazee kwa vichanga, lipigwe risasi Jumamosi.

Kibandani kwa kinyozi hapakuwa na mazungumzo mengine.

"Umesikia? Yule mama wa karanga kaponza mtoto wa watu."

"Tumbili hawanunui. Anawapa karanga za nini?"

"Labda wamtangazie biashara!"

Benchi zima likacheka, kisha macho yote yakamgeukia kinyozi, maana utani haukukamilika mpaka yeye atie chumvi. Angeweza kunyamaza. Hata kunyamaza kungekuwa afadhali.

"Basi ana bahati," akasema. "Mwenzenu mimi sina hata tumbili mmoja wa kunitangazia."

Vicheko vilipasuka. Kinyozi alipoinua macho aliona kwenye kioo chenye ufa sura ya binti yake, amesimama mlangoni na bakuli la chakula cha mchana. Chiriku aliliweka bakuli chini, akaondoka. Mkasi ukamteleza kinyozi mkononi, ukamkwaruza mtu sikio.

Jioni, mama alimwita mtoto karibu na cherehani. "Mwanangu, kulikoni? Siku hizi mdomo umeshonwa na nani, na fundi wa kushona ni mimi?"

"Baba alisema ninyamaze."

"Unyamazie nini?"

Mtoto akamtazama baba yake. Kinyozi akainamisha kichwa, akasimulia yote.

"Nilikuwa natania tu," alimalizia.

"Utani wako umeota meno, Baba Chiriku."

"Nikisema, nani atakuja kukaa tena kwenye kiti changu? Watanionaje?"

"Na usiposema," mkewe akajibu, akikata uzi, "huyu mtoto aendelee kujifunza kusoma vibao kwa nini?"

Jumamosi asubuhi wote watatu walikuwa langoni kabla ya askari kuingia msituni. Kinyozi alimfuata mkuu wa hifadhi, mtu mrefu aliyevaa buti za matope, akamweleza bila kupunguza kitu.

"Ni mmoja tu aliyeuma," alisema. "Mkia wake umekatika nusu. Wengine hawana kosa. Na yule mama wa karanga hana kosa."

Mkuu alimkazia macho. "Wiki nzima umekaa na maneno haya?"

"Nimekaa nayo."

"Sasa tutampataje? Tangu jana hakuna anayeonekana. Wameshahisi bunduki."

"Kwangu mimi atakuja."

"Kwa nini aje kwako?"

Kinyozi akatoa mkasi mfukoni. Mkuu akauangalia mkasi, akamwangalia mwenyewe, akaelewa.

"Hakuna njia nyingine?" kinyozi akauliza. "Mpelekeni mbali."

"Huko mbali hakuna watoto? Huyu amefundishwa kufungua ngumi za watu, bwana. Ni yeye, au ni kundi zima."

Basi kinyozi akaenda kuketi kwenye benchi la karibu na bwawa. Askari alijificha nyuma ya shina. Kinyozi akauchezesha mkasi hewani. Kacha. Kacha. Kacha.

Msitu ulikuwa kimya. Kisha tawi likatikisika. Mteja alishuka peke yake, bila wasiwasi, akaja na nusu mkia wake akapanda benchi. Aliishika ngumi ya kinyozi. Akaifungua kidole kimoja kimoja, kwa adabu ile ile aliyofunzwa. Ilikuwa tupu. Akainua uso, akamtazama.

"Samahani, mteja," kinyozi akanong'ona. Akainuka, akaondoka pale kama alivyoagizwa.

Langoni, Chiriku alisikia mlio mmoja. Alimsubiri baba yake atokee njiani, akamwuliza swali moja tu: "Alikuja ulipomwita?"

"Alikuja," baba akajibu.

Mtoto akauficha uso kwenye kanga ya mama yake.

Siku hiyo hiyo kinyozi alikwenda kwa Mama Karanga kumwomba msamaha. Mjane alimsikiliza akiwa anapepeta karanga, hakumkaribisha kukaa. "Walinifukuza mbele za watu," alisema. "Nisafishe mbele za watu." Kwa hiyo Jumapili, lango likiwa limejaa, kinyozi alisimama chini ya kile kibao akasema kosa lake kwa sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisimama mbele ya umati na hakuna aliyecheka. Kisha, kwa ruhusa ya mkuu wa hifadhi, yeye mwenyewe akaibeba meza mpya ya mjane, akaiweka mahali pake. Alikwenda pia kwa wazazi wa mtoto. Kile kidole kilipona, lakini hakikunjiki sawasawa hadi leo.

Wateja wengine walimhama, wengine walibaki. Ananyoa kwa mashine siku hizi. Wakimwuliza mkasi ameupeleka wapi, huongeza sauti ya redio. Jumapili bado huenda hifadhini, huketi benchini, mikono yote miwili imefunguliwa juu ya magoti. Kundi la tumbili hupita juu ya matawi na vichanga vyao, halimwangalii. Chiriku ameanza tena kuhesabu vipepeo, ila kwa sauti ya chini, na akifika kwenye kile kibao hukisoma kimoyomoyo huku ameushika mkono wa baba yake. Baba huyo anaujua uzito wa mkono ule.

FUNZO

Mnyama wa porini hatuombi chakula, anatuomba nafasi. Ukimlisha ili mwanao acheke, umemfundisha jambo asiloweza kulisahau, na siku atakapolitumia hatakuchagua wewe, atamchagua asiyejua mchezo wenu. Watoeni watoto, wapelekeni bustanini na msituni, wakaone mti na maji na viumbe, maana mtoto asiyeviona hatavitunza. Lakini kibao kikisema usifanye, kitiini, kwa sababu mtoto anakisoma kwa macho yake na kukielewa kwa matendo yenu. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Wiki moja ya kimya cha baba ilipindua meza ya mjane, ikamfunga mdomo mtoto, na ikabaki kidogo iangamize kundi zima. Msamaha wa binadamu huombwa na wakati mwingine hupatikana. Yule aliyekuja alipoitwa, nani atamwomba?