Baridi ya Mgongoni

Asubuhi ile Juliana alikuwa jikoni akimenya viazi. Roza, bintiye aliyekuwa bado ananyonya, alilala kwenye machela iliyofungwa kati ya nguzo mbili za jiko, na mama mkwe wa Juliana, Bibi Atuganile, aliisukuma kwa kidole kila ilipotaka kusimama. Nje, ukungu ulikuwa umeyafunika mashamba ya pareto. Ilikuwa siku ya kawaida tu ya mwezi wa tano, kwenye milima ya Matamba inayotazama bonde la Usangu.

Machela hiyo waliachiwa na mpima ardhi. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, mpima huyo aliugua homa akiwa kazini, Bibi Atuganile akamlaza nyumbani kwake na kumnywesha uji mpaka akapona. Alipoondoka aliacha machela yake kuwa shukrani. Ilikuwa ya kamba nyembamba za nailoni, zimesukwa kama wavu, na ukiikunja inaenea kwenye kiganja. Siku ya kuaga, Bibi akiwa bado shambani, mpima alimwambia Juliana, "Dada, hii ni nyepesi safarini, na mvua ikipita inakauka upesi. Lakini ina ubaya wake. Mtu akilala humu kwenye baridi, mtandikieni blanketi chini, siyo kumfunika juu tu. Baridi yake inaingilia mgongoni."

Juliana aliitikia kwa kichwa. Maneno yale aliyasikia vizuri.

Kabla viazi havijaiva, Bibi aliacha kusukuma machela. Kikohozi alichokuwa akikificha kwa siku kadhaa kilimkaba, na alipoinua kanga mdomoni ilikuwa na damu.

Ilibidi ateremshwe Chimala, kwenye barabara kuu, afikishwe hospitali. Barabara ya mlimani ilikuwa imeporomoka kwa mvua za masika; lori la kijiji halikupanda. Wanaume wengi walikuwa Usangu wakivuna mpunga. Walipatikana Jailos, mume wa Juliana, na jirani yao Filemoni na nduguze wawili. Filemoni mwenyewe alikuwa ametoka kuugua nimonia, mashavu yamebonyea, lakini alikuja kabla hajaitwa.

Palikuwa na machela mbili. Ya kijiji ilikuwa ya turubai nene, na mti wake mzito hata kabla hajapakiwa mtu. Nyingine ndiyo ile ya mpima.

"Chagua wewe, Mama Roza," Jailos alisema. "Wewe ndiye unayejua mama analalaje."

Juliana aliinua ncha moja ya machela ya turubai. Akamtazama Filemoni akihema kwa kusimama tu. Huruma ikamshika.

"Tuchukue nyepesi," alisema. "Njia inateleza, tena huko chini ni jua kali. Hii itapitisha hewa."

"Na blanketi lake?"

Lilikuwa juu ya kitanda, blanketi la kahawia lenye mistari myekundu, ambalo marehemu mumewe Bibi alilileta kutoka migodini Afrika Kusini. Zito kama ngozi ya ng'ombe. Juliana ndiye aliyelishona pindo kwa uzi wa kijani lilipochanika.

"Likilowa litakuwa mzigo wa mtu wa pili," alisema. "Liache. Tutamfunika koti lako."

Wakatoka. Filemoni alijitia uchangamfu. "Mama, kwa wepesi huu nakufikisha mpaka Mbeya mjini, ukanywe soda!"

"Taratibu, we mlevi wa ulanzi," Bibi alinong'ona kutoka ndani ya wavu. "Mimi si gunia la pareto."

Walicheka wote. Juliana alifuata nyuma, Roza mgongoni.

Kwenye kona za juu ukungu ulishuka, na manyunyu yakaanza. Upepo wa bondeni ulipanda na kupita chini ya machela. Juliana aliuona ukiinua ncha za kanga ya Bibi kupitia matundu ya kamba.

"Mwanangu," Bibi alisema, "mgongo unapigwa."

Juliana alivua kanga yake ya mabegani. Akaiweka juu ya Bibi. Juu. Hata alipokuwa akiichomekea pembeni, sauti ya mpima ilimjia sikioni, lakini wabebaji walikuwa wamepata mwendo, na Filemoni alikuwa anakohoa. Hakutaka kuwasimamisha.

Bibi alitoa mkono kwenye matundu, akaivuta ile kanga, akamrudishia.

"Mfunike mtoto," alisema.

Hakusema tena.

Mahali ukungu unapoishia, jua la Usangu likawapiga usoni na mabonde yote ya mpunga yakaonekana. Waliishusha machela wapumzike. Jailos alimwita mama yake. Akamwita tena.

Juliana alipitisha mkono chini ya mgongo wake. Ulikuwa umelowa, baridi kama jiwe la mtoni.

Walirudi naye juu. Juliana alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Walipomgeuza, aliona alama za kamba mgongoni, vidirisha vidogo vya bluu kutoka mabegani hadi kiunoni. Aliwahi kuzifunika kabla Jailos hajaingia. Wakamviringisha Bibi katika blanketi lake, na Juliana mwenyewe akalishona mwisho kwa uzi wa kijani uliobaki.

"Ulifanya vyema, shemeji," Filemoni alimwambia makaburini. "Ile ya turubai ingeniua mimi."

Jailos naye alimshukuru. Kila shukrani ilimchoma. Aliwaitikia, wala hakumwambia mtu alichoambiwa na mpima.

Machela ilirudi kwenye nguzo za jikoni. Siku moja alasiri, hakuna upepo, Juliana aliiona ikiwa imebonyea katikati.

Ilikuwa tupu.

Alisogeza mkono chini yake. Baridi ilishuka kwenye kiganja, kana kwamba amefungua mlango alfajiri. Alitaka kuifungua kwenye nguzo. Hakuweza kuinyanyua. Kamba zile zilizoenea kiganjani zilimvuta mikono chini.

"Baba Roza," alinong'ona, "njoo ushike hapa."

Jailos aliinua kwa vidole viwili. "Kuna nini?"

"Hakuna."

Tangu siku hiyo hakumlaza Roza humo. Aliamini mama mkwe amerudi kuchukua kitu, na kitu chenyewe ni Roza. Akaamua kuichoma.

Asubuhi aliyoichagua, umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya nyasi zote. Roza alikuwa amelala kitandani, chumbani. Juliana alifunga mlango kwa nje, akaenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni. Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa vilevile.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Alikimbilia jikoni. Machela ilikuwa inabembea. Polepole. Kama inasukumwa kwa kidole.

Roza alikuwa ndani, amelala, kijasho chembamba puani. Hakufunikwa kitu. Juliana alipomwinua aliona kilichotandikwa chini yake.

Blanketi la kahawia. Mistari myekundu. Uzi wa kijani umefumuliwa taratibu, bila kukatwa. Pembe zilikuwa na udongo mbichi. Katikati palikuwa na joto.

Jailos na Filemoni walikwenda kaburini. Umande ulikuwa umeganda juu yake, mweupe, haujakanyagwa.

"Tumrudishie," Jailos alinong'ona. Waliliweka blanketi juu ya kaburi, wakaligandamiza kwa mawe. Kesho yake lilikuwa jikoni, limekunjwa kwa mkunjo wa Bibi, pindo ndani.

Hapo Juliana akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakulia kwa woga.

"Sasa mwenyewe amelalia nini?" aliuliza. "Baba Roza, amelalia nini?"

Akamweleza mumewe yote, na maneno ya mpima. Jailos akachoma machela kwa mkono wake. Ikaisha yote, hadi mafundo.

Roza alikua na blanketi lile. Hakuwahi kuugua kifua. Miaka ilipita, naye akatimiza umri wa kumsaidia mama yake kuoga alipojifungua mtoto mwingine. Siku moja ya mwezi wa tano alikuwa akimmwagia maji ya moto mgongoni mara akasita na kopo mkononi.

"Mama, jana ulilala kwenye nini?"

"Kitandani. Kwenye godoro. Kwa nini?"

Roza alipitisha kidole kutoka begani hadi kiunoni, taratibu, akifuata vidirisha vidogo vya bluu.

"Hapa pamekuwa baridi," alisema.