Kilichoigandisha Laptopu ya Mama

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akaosha vyombo vya asubuhi, kisha akamwogesha mdogo wake kabla maji ya kwenye ndoo hayajapoa. Jina la Chiriku alipewa na baba yake, fundi rangi, kwa sababu msichana huyo alianza kuongea mapema na tangu hapo hakunyamaza. Aliongea akifagia, aliongea akila, na usingizi ulimkuta mara nyingi akiwa katikati ya sentensi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna dalili kwamba maneno yangemwishia.

Mama yake alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Akirudi kazini alinawa mikono hadi kwenye viwiko, kama alivyozoea wodini, ndipo akamshika mtoto. Baada ya chakula meza ilifutwa, na laptopu ikatolewa kabatini. Mama alikuwa akijiendeleza kwa masomo ya mtandaoni, naye alikuwa amebakiza kazi moja tu: kumaliza ripoti kuhusu watoto wanaorudishwa hospitali mara kwa mara kwa homa, na kuieleza mbele ya wahadhiri wake kwa video. Akifaulu, angehamishiwa kwenye kazi ya mchana. Mdogo wake Chiriku, ambaye alilia kila mama alipoondoka kwenda zamu ya usiku, alikuwa akiisubiri siku hiyo bila kujua kwamba inahusu ripoti.

Laptopu yenyewe ilikuwa kuukuu. Shangazi yao, karani, ndiye aliyewapa baada ya ofisi yake kununua mashine mpya. Baadhi ya herufi zilikuwa zimefutika kwenye vitufe, na memori yake ilikuwa ndogo sana kwa kazi za siku hizi. Mama hakuielewa vizuri. Kuiwasha, kuunganisha mtandao na kutafuta kurasa ilikuwa kazi ya Chiriku, aliyefundishwa kompyuta shuleni. Kati ya kazi zote za nyumbani, hii ndiyo pekee aliyoifanya bila kukumbushwa.

Mwanzoni mashine ilikuwa nzito tu. Ukibonyeza, inafikiri kwanza. Chiriku alimwambia mama asiwe na wasiwasi, angeitengeneza mwenyewe. Alasiri moja, mama akiwa kazini, aliona tangazo la programu ya bure iliyoahidi kuipa kompyuta yoyote kasi ya ajabu. Akaipakua na kuiweka. Hakuona tofauti, akaweka nyingine ya aina hiyo hiyo. Kisha akaweka programu ya pili ya kuzuia virusi, akiamini kwamba walinzi wawili ni bora kuliko mmoja. Mwisho, kwa kuwa alikuwa peke yake na hakuna wa kumuuliza, akaweka mchezo wa mashindano ya magari. Hakumwambia mtu.

Tangu siku hiyo laptopu ilianza kuganda. Kishale kilisimama katikati ya kioo, maneno hayakuandikika, na taa ndogo ya pembeni iliwaka mfululizo bila kupumzika. Mama aliuliza kuna nini. Chiriku hakujua, lakini kusema "sijui" kulimshinda; mtu aliyekuwa akitegemewa kwa mambo ya kompyuta angewezaje kusema hajui? Akajibu kwamba ni joto. Mama akaihamishia dirishani, akaiinua kwa vipande viwili vya mbao vya baba ili ipate hewa chini. Ikaendelea kuganda, safari hii ikipigwa na upepo.

Chiriku akasema basi ni mtandao wa pale nyumbani. Mama aliamini hilo pia. Siku yake ya mapumziko, badala ya kulala, aliibeba laptopu hadi hospitali ambako mtandao ulikuwa na nguvu, akakaa nayo kwenye chumba cha wauguzi. Iliganda mbele ya wenzake. Mmoja wao akashauri mgonjwa huyo alazwe, kwa kuwa ameshafika hospitali. Wote walicheka, mama naye akacheka, lakini alirudi nyumbani akiwa amechoka na hakuandika chochote.

Mambo yaliharibika jioni iliyofuata. Mama alikuwa ameandika kwa utulivu sehemu ndefu ya ripoti, ile ya mapendekezo, iliyomsumbua kuliko zote. Ghafla kioo kikaganda. Chiriku, aliyekuwa akimsimulia mdogo wake jambo fulani, alikuja haraka na kubana kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazima. Ilipowaka tena, ripoti ilikuwepo, lakini sehemu ile haikuwepo. Walitafuta kila mahali. Ilikuwa haijahifadhiwa hata mara moja.

Mama hakufoka. Aliifunga laptopu polepole, akakaa akiangalia mfuniko wake.

"Labda masomo haya ni ya watu wenye mashine nzuri," alisema. "Nitaomba waniahirishie hadi mwakani."

Chiriku alikwenda kumlaza mdogo wake. Kutoka chumbani alimsikia mama akizungumza kwa simu na mjomba, akimweleza kwamba Jumatatu ndiyo siku ya kujieleza kwa video, na kwamba haoni kama atafika. Mjomba alikuwa msimamizi wa chumba cha kompyuta katika chuo cha ufundi. Aliahidi kuja Jumamosi.

Alikuja asubuhi na mkoba wa vifaa, akasalimia, akakaa mezani. Kabla ya kugusa chochote alitaka kujua tatizo lilianza lini, na kama kuna kitu kipya kilichowekwa. Mama alisema yeye huandika na kusoma tu, mengine anayajua binti. Mjomba akamgeukia Chiriku. Chiriku akasema hakuna.

Basi mjomba alifanya kazi kwa kufuata jibu hilo. Aliiwasha mashine, akatazama taa ya pembeni inavyowaka bila kukoma, akaweka sikio karibu na kusikia diski ikikwaruza. Akamweleza dada yake kwamba kama hakuna kilichobadilishwa, basi huenda diski inakufa. Alisema angenakili ripoti, kisha angeondoka na laptopu, abadilishe diski na kuweka kila kitu upya. Ingechukua muda, Jumatatu isingewezekana.

Mama aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mzazi aliyeambiwa na daktari habari aliyokwisha kuikisia. Mjomba akaigeuza laptopu, akatoa bisibisi na kuanza kulegeza skrubu za chini. Alipokuwa akiziweka kwenye kisosi alimtupia jicho mpwa wake, akauliza kama anaumwa, maana tangu afike hajasikia sauti yake. Mama alisema kweli, leo nyumba imepoa.

Chiriku alitazama skrubu kwenye kisosi. Aliona kwamba mtu mzima mwenye ujuzi wake alikuwa karibu kuondoa kitu kizima kwa sababu ya neno moja lake.

"Mjomba, usiifungue," alisema. "Huenda si diski."

"Kwa nini?"

"Kuna vitu nimeviweka. Nilisema hakuna, lakini vipo."

Akavitaja vyote, kimoja baada ya kingine, na mchezo akautaja mwisho kwa sauti ndogo. Akaeleza pia kwamba habari ya joto na ya mtandao aliitunga, kwa sababu hakujua sababu yenyewe. Mjomba alirudisha skrubu mahali pake, akaigeuza laptopu na kumsogezea Chiriku kiti.

Alimwonyesha ukurasa unaoorodhesha programu zinazofanya kazi kwa wakati huo. Hawakuwa wamefungua chochote, lakini memori ilikuwa karibu kujaa. Mjomba akasema sasa anaielewa ile taa. Memori, alieleza, ni kama meza ya kufanyia kazi, na diski ni kama kabati. Meza ikijaa, mashine inalazimika kurudisha vitu kabatini na kuvitoa tena kila vinapohitajika. Inakimbia huku na huku, na wewe unayesubiri unaona imeganda. Diski haikuwa ikifa, ilikuwa ikichoshwa.

Mama akasema hiyo anaijua. Muuguzi mgeni hujaza kitoroli cha dawa kila kitu, akifika kitandani hana pa kuweka hata sindano, anarudi stoo, anakuja, anarudi tena, na mtoto anaendelea kulia. Mjomba akasema kuanzia siku hiyo angewafundisha wanafunzi wake kwa kitoroli, meza aiache.

Chiriku alitaka waondoe programu zote kwa mkupuo. Mjomba alikataa. Wakiondoa zote pamoja, alisema, mashine inaweza kupona bila wao kujua ilikuwa inaumwa nini, na kesho mtu atarudia kosa lile lile. Wakaondoa moja, wakaizima mashine na kuiwasha, wakasubiri itulie, wakatazama. Zile programu za kuongeza kasi zilipoondoka, nafuu ilikuwa kidogo sana. Ilipoondolewa ile ya pili ya kuzuia virusi, taa ya pembeni ilianza kupumzika; walinzi wale wawili walikuwa wakikagua kila faili, kila mmoja kivyake. Mchezo wa magari ndio uliowashangaza. Ulikuwa umejipanga kuamka kila laptopu inapowashwa, ukikaa nyuma bila kuonekana, na peke yake ulishikilia nafasi kubwa kuliko vingine vyote. Mjomba alimwacha Chiriku autoe kwa mkono wake.

Mama akaambiwa ajaribu. Akafungua ripoti, kisha akafungua kurasa zake za mtandaoni kama alivyozoea. Laptopu ikaganda.

Mjomba akainama kutazama. Kurasa zilikuwa zimejipanga juu ya kioo hadi majina yake yakasomeka herufi moja moja tu. Mama alieleza kwamba huwa hazifungi, maana anaogopa hataziona tena. Chiriku alijikuta akifurahi kwamba kosa si lake lote, kisha akaona aibu kwa furaha hiyo. Alimwonyesha mama jinsi ya kuweka alama kwenye ukurasa ili uweze kufungwa na kupatikana baadaye. Mama alirudia mwenyewe mpaka akaweza.

Mjomba alipoondoka alikuwa amesema wazi kwamba laptopu ile haitakuwa mpya. Hata memori yake haikuwa ya aina inayoweza kuongezwa. Wangeishi nayo kwa adabu: ripoti na ukurasa mmoja wa rejea, basi, kuhifadhi kila aya inapokwisha, na ikisita, kuondoa mikono na kusubiri taa itulie, badala ya kubana kitufe cha kuwashia.

Sehemu iliyopotea haikupatikana. Mama aliiandika upya Jumapili mchana, Chiriku akiwa pembeni yake na kazi ya kusema "hifadhi" kila aya ilipofika mwisho. Ilitoka fupi kuliko ya kwanza. Mama aliisoma mara mbili, akasema ya kwanza ilikuwa na maneno mengi mno.

Jumatatu mama alijifungia chumbani na laptopu, akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi ingawa hakuwa na zamu. Chiriku alikaa nje ya mlango na mdogo wake mapajani, akimchezesha kimya kimya kwa vifuniko vya chupa. Alimsikia mama akijitambulisha, akieleza, akijibu. Katikati ya swali moja sauti za wahadhiri zilikatika. Chiriku alisimama, mkono ukaenda kwenye kitasa, kisha akaurudisha. Ndani palikuwa kimya. Baada ya kitambo sauti zikarudi, na mhadhiri mmoja akaomba radhi kwamba mtandao wa upande wao ulikuwa umekatika.

Mama alitoka akiwa anatabasamu. Walimpa masahihisho madogo, wakampongeza, na barua ya matokeo ingefuata. Alimchukua mtoto, akamtuma Chiriku ainjike maji ya chai. Walipokaa mezani wawili, ndipo alipozungumza juu ya lile ambalo alikuwa hajalisema tangu Jumamosi.

"Mzazi akimleta mtoto wodini," alisema, "swali langu la kwanza ni: amempa nini nyumbani. Wengine wanaona aibu, wanasema hawakumpa kitu, kumbe walimpa vidonge vya jirani. Siulizi ili nimgombeze mtu. Bila jibu hilo, mimi ninabahatisha tu, na naweza kumpa dawa ya kumdhuru. Umenielewa?"

Chiriku alisema ameelewa.

"Kuweka zile programu lilikuwa kosa la mtu anayejaribu, na kujaribu sitakukataza. Lakini uliponiambia ni joto, nilihangaika na joto. Uliponiambia ni mtandao, niliibeba hadi kazini siku yangu ya kupumzika. Kosa la kwanza liliharibu laptopu. La pili lilinipotosha mimi. Siku nyingine ukiharibu kitu, sema umeharibu. Na usipojua, sema hujui. Hapo ndipo mtu anaweza kukusaidia."

Chiriku aliomba msamaha. Kisha akauliza kama ataruhusiwa kuiwasha laptopu tena.

Mama alisema ataruhusiwa, na kwamba ataanza leo hii. Akasogeza vikombe pembeni, akaileta laptopu mezani na kuketi upande wa vitufe.

"Nionyeshe ule ukurasa unaoorodhesha programu," alisema. "Nataka na mimi niwe naona kilichomo ndani."

Chiriku akaanza kueleza, na mama akamwambia aeleze polepole.