Mkono Uliokuwa Pichani

Ngumi ya kwanza siku hiyo ilirushwa kwa ajili ya maini.

"Maini ndiyo yatakayokufikisha miaka mia!" dereva wa lori alifoka mbele ya bucha, foleni nzima ikisikia. "Kipindi cha juzi wamesema waziwazi!"

"Wewe unasikiliza kwa tumbo," akajibu mwalimu wa mazoezi, mtu mkavu mwenye suruali ya kubana na saa mbili mkononi, moja ya kuhesabu hatua na nyingine ya kuhesabu usingizi. "Wamesema funga saa kumi na sita. Nyama inakuzeesha. Jitazame hiyo shingo!"

"Sasa buchani umefuata nini?"

"Mifupa ya mbwa wangu. Yeye hasikilizi podikasti."

Dereva hakungoja zaidi. Akavuta mkono, akaachia konde la nguvu zake zote. Mwalimu hakuwa amekula tangu jana yake, lakini kuinama aliweza, na lile konde likaenda kutua kwenye pua ya mtu asiye na habari, aliyesimama nyuma na begi lake la vyombo akisubiri nusu kilo ya nyama ya kusaga. Pua ikapasuka. Shati la bluu lililopigwa pasi vizuri likageuka jekundu mpaka kwenye mshipi.

"Nyie!"

Shoka lilishuka juu ya gogo kwa kishindo, na vipande vya mfupa vikaruka. Aliyelishika alikuwa mwanamke mrefu mwenye kilemba cha rangi ya chungwa, buti za mpira, na midomo iliyopakwa rangi utadhani anakwenda harusini. Sokoni walimwita Bi Shoka, na si kwa mzaha.

"Anayetaka kuishi miaka mia atoke hapa sasa hivi," akasema, "maana nikifika tatu kuna mtu hafikishi hata arobaini. Moja!"

Mbili haikuhitajika. Akamkamata majeruhi kwenye ukosi, akamvuta ndani, akamkalisha juu ya kreti na kumbandika kitu cha baridi puani.

"Inamisha kichwa. Usiongee."

"Hii ni nini?"

"Figo. Limeganda, litazuia damu."

"Figo la nani?"

Bi Shoka akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Jamani, mtu amevunjwa pua na bado ana swali kama hilo! Mambo yalianzia hapo.

Kesho yake yule bwana alirudi, pua imevimba, shati jingine la bluu.

"Umefuata nini tena?"

"Nimekuja kurudisha figo."

"Tumeshaliuza, fundi."

Fundi alikuwa kweli. Alitengeneza mashine za hospitali: za presha, za kupimia joto, mizani za watoto wachanga. Kiwanda chake kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la miwani, na kila mahali alibeba mashine moja ya presha yenye kona iliyopasuka, aliyoifunga kwa utepe wa gundi wa kijani.

"Nipe mkono nikupime," akamwambia siku ya nne, wamekaa kwenye kreti zile zile.

"Ukikuta imepanda?"

"Nitajua sababu ni mimi."

"Thubutu! Kujipenda huko!"

Akamfunga mkono. Ulikuwa mkono mnene wa kazi, na chini ya kiwiko kulikuwa na kovu refu, ndoana ya kutundikia nyama ilimkwaruza alipokuwa msichana. Mashine ikasoma mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Fundi akapiga picha.

"Ya nini?"

"Kumbukumbu, mpenzi."

Na hakudanganya. Siku hiyo ilikuwa kumbukumbu. Tatizo lilikuja jioni, na hapa mimi msimulizi nataka nimzabe kofi mwenyewe, kwa sababu fundi alikuwa na ugonjwa ambao hakuna mashine inayoupima. Kile kipindi cha maisha marefu kilichovunja pua yake, yeye pia alikisikiliza. Hakukosa hata kimoja. Na kule chini, kwenye maoni, ambako watu hutukanana kuhusu chumvi, mafuta, maji ya barafu na nani atakufa kwanza, alijulikana kwa jina la Moyo Chuma. Moyo Chuma alikuwa na wafuasi. Moyo Chuma hakushindwa. Jioni ile mtu mmoja akamwandikia: "Maneno tu. Toa ushahidi." Damu ikampanda. Akaandika kwamba alikuwa mgonjwa wa presha miaka minane, kwamba amefunga kula, akatupa vidonge vyote kwenye pipa la taka, na wiki ya kwanza presha ilipanda sana lakini usiogope, ndugu yangu, ni mwili unajisafisha, baadaye inashuka. Akaweka picha. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita.

Presha hajawahi kuugua hata siku moja. Na mkono si wake. Watu elfu nne wakampongeza, naye akalala anatabasamu.

Bi Shoka aliishi na baba yake nyuma ya bucha. Mzee ndiye aliyeianzisha. Miaka thelathini mkono wake wa kulia ulipasua ng'ombe, mpaka macho yalipopungua akamwachia binti. Siku hizi alishinda kwenye kiti na simu sikioni. Kusoma alisoma kwa kukuza herufi, tatu tatu, picha akiziruka kwa kuwa kwake zilikuwa ukungu tu.

Mchana mmoja Bi Shoka akiwa kwenye chumba cha baridi, Mzee akamvuta fundi shati.

"Usimwambie binti yangu. Leo siku ya sita nimeacha vidonge."

"Mzee, nani amekushauri?"

"Kuna mtu anaitwa Moyo Chuma. Huyo ana akili, bwana. Nadhani ni daktari."

Fundi akatoa mashine. Akamfunga mkono haraka haraka. Mia moja tisini na nne kwa mia moja na kumi na mbili.

"Mzee, imepanda mno! Rudia vidonge, nakuomba. Leo hii!"

Mzee akacheka, akampigapiga begani. "Wiki ya kwanza inapanda. Mwili unajisafisha. Yeye mwenyewe ameandika. Wewe ni fundi wa mashine, mwanangu, watu waachie wenyewe."

Pale pale angesema. Maneno matatu tu: ni mimi, nilidanganya. Hakusema. Jioni akampigia Bi Shoka simu.

"Mpenzi, kuna jambo."

"Na mimi ninalo. Anza wewe."

"Hapana, wewe."

"Baba amesema anakupenda. Amesema nisipokuoa wewe atakuoa yeye." Akacheka. "Haya, lako?"

"Mwangalie Mzee anywe dawa zake."

"Anakunywa. Kila asubuhi namwekea kwenye kisahani, nakuta kitupu. Hilo tu?"

"Hilo tu. Nitakueleza kesho."

Kesho yake saa tatu asubuhi Mzee alianguka mlangoni, akagonga paji la uso kwenye kizingiti. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia ukalala sakafuni kama si wake. Kiharusi. Vidonge saba vikakutwa kwenye mfuko wa koti.

Hospitalini, Bi Shoka alifungua simu ya baba yake atafute namba ya shangazi. Skrini ikafunguka pale Mzee alipoachia. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akaitazama picha, utepe wa kijani, na chini ya utepe, kovu refu la ndoana. Akakunja mkono wa blauzi, akaweka mkono wake kando ya simu.

Halafu akapiga namba.

"Uko wapi, mpenzi?" Sauti yake ilikuwa laini kabisa.

"Niko njiani nakuja hospitali, nimebeba machungwa. Mzee anaendeleaje?"

"Usije hospitali. Njoo buchani."

Aliyefungua mlango alikuwa kaka yake Bi Shoka, mpakizi wa mizigo ghalani, mtu anayebeba magunia mawili huku akipiga mluzi. "Karibu, shemeji," akasema, akafunga kwa komeo. Konde lake la kwanza lilivunja mbavu mbili. La pili lilimwangusha juu ya gogo. Machungwa yakabingirika mpaka kwenye mfereji wa damu.

Bi Shoka alikuwa amevaa aproni. Shoka mkononi.

"Moyo Chuma."

"Ni mimi."

"Ulijua Baba ameacha dawa?"

"Nilijua. Tangu jana mchana."

"Na jana jioni ukanipigia simu ukaniita mpenzi!" Sauti ikapasuka. "Mkono wangu! Nilikupa mkono wangu ukaenda kumuulia baba yangu!" Akamwinamia. "Uliandika kwa kidole kipi?"

"Gumba."

"La kulia au la kushoto?"

"Yote mawili."

Kaka akambana viganja juu ya gogo. Shoka likapanda. Fundi akafumba macho, hakuvuta mkono, hakupiga kelele. Likashuka. Likazama kwenye gogo katikati ya gumba na kidole cha shahada, likaondoka na ngozi na ukucha. Damu ikaruka mpaka kwenye midomo ile iliyopakwa rangi.

"Ondoka," akasema, machozi yakimtiririka. "Nikikuona tena nitalenga."

Polisi walipomuuliza fundi, aliwaambia ameanguka ngazini. Kisha, na gumba moja limefungwa bandeji, akaandika kwa lile zima: mimi Moyo Chuma, fundi wa mashine nyuma ya duka la miwani, sijawahi kuugua presha, mkono ule ni wa mchumba wangu, nilidanganya ili nishinde, na kuna mzee amepooza. Kama umetupa dawa kwa ajili yangu, nenda hospitali leo.

Unadhani walimshukuru? Walimla nyama. Msaliti! Kanunuliwa na wauza dawa! Yule mwalimu wa mazoezi, ambaye kumbe alimwabudu Moyo Chuma, alikuja mpaka kiwandani, akavunja mashine tatu kwa nondo na jino moja kwa goti. "Nilikuamini!" alikuwa akilia huku akipiga. Fundi akatema jino. Siku ya pili akaandika tena. Ya tatu tena.

Kila saa tano asubuhi alikwenda kusimama upande wa pili wa barabara, mbele ya bucha. Siku ya kwanza Bi Shoka alimrushia beseni la maji ya kuoshea utumbo. Siku ya pili mfupa wa paja, ukampasua nyusi. Siku ya tisa mlango ukafunguka akatokea Kaka, na fundi akajikunja kulinda mbavu.

"Sipigi leo. Ingia. Dada hataki, ila mtaalamu wa viungo kasema."

Ilikuwa hivi. Mzee alirudishwa nyumbani bila neno na bila mkono wa kulia. Mtaalamu wa viungo aliunyoosha, akaukanda, akauweka mpira kiganjani, wapi. Lakini asubuhi ile kiti kilikuwa dirishani, Mzee akalitambua shati la bluu la fundi ng'ambo ya barabara, na vidole vikatikisika.

"Amefurahi kuniona?" fundi akauliza mlangoni.

"Nilimsomea ulichokiandika," Bi Shoka akajibu bila kumtazama. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ya gogo. "Ni hasira."

"Basi nitakaa wapi?"

Akamwonyesha kigoda mbele ya baba yake.

Akawa anakuja kila siku kuchukiwa. Anakaa, anampima Mzee, anampa vidonge kimoja kimoja na kuhakikisha vimemezwa, kisha anaweka uso mbele. "Mimi ndiye niliyekupooza, Mzee. Mimi ndiye Moyo Chuma. Nilijua nikanyamaza." Mzee anatetemeka, jicho linawaka, vidole vinajikunja kidogo. Wiki ya tatu akakunja ngumi. Wiki ya saba kiwiko kikainuka. Bi Shoka alitazama yote kutoka mlangoni akinoa visu vyake. Siku moja akamsogezea fundi kikombe cha chai. Siku nyingine akakishika kile kidole kisicho na ukucha, akakigeuza huku na huku.

"Kinauma?"

"Kikiwa kwenye baridi tu."

"Mimi bado nina hasira na wewe."

"Najua, roho yangu. Nami bado nakuja."

Mwezi wa nne, siku ya Jumatano, fundi aliinama kufunga mkanda wa mashine. Hakuona. Mkono wa kulia wa Mzee, mkono wa miaka thelathini ya ng'ombe, ulijiinua kutoka kwenye mto, ukajikunja, ukamtandika ngumi ya pua, pale pale palipowahi kupasuka. Fundi akaanguka chali na mashine juu yake.

Kaka akapiga ukelele mpaka ghalani wakausikia. Bi Shoka akabwaga kisu, akampigia magoti baba yake, akaushika ule mkono akaubusu, akilia kwa sauti. Kisha akakimbilia chumba cha baridi, akarudi na figo.

"Inamisha kichwa. Usiongee."

"La nani hili?"

Akacheka na kulia pamoja, kamasi na rangi ya midomo vimechanganyika. "Sikiliza, wewe mtu. Mimi nimekukata, Kaka amekuvunja mbavu, Baba amekuvunja pua. Hakuna ndugu aliyebaki. Utanioa lini?"

Fundi akafuta damu kidevuni. "Sina haki ya kujibu mimi. Muulize Mzee."

Wote watatu wakamgeukia. Mzee alikuwa anahema. Akamtazama binti yake, akamtazama fundi kwa muda mrefu, mdomo ukihangaika kutafuta mahali pa kuanzia. Ngumi ikapanda tena polepole, ikitetemeka.

"Te... tena," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aanguke. Fundi akaliweka figo chini, akavuta kigoda, akasogeza uso karibu.