Waliomwitikia Atuganile

Kilichoanza ni harufu. Ghala la ushirika pale Mlowo lilikuwa la kahawa, na tangu wanunuzi binafsi waingie na malori yao likabaki tupu, magunia na popo tu. Sasa ghala la kahawa likinuka kahawa, likinuka panya, sawa, hapo tunaelewana. Mchana ule lilinuka watu. Jasho, mafuta ya nywele, nguo zilizokaa sandukuni. Na ndani hamna mtu, ila vijana watatu na vyombo vyao.

Hao vijana walijiita Vumbi Jekundu. Atuganile, binti wa Ferista wa Hasamba, ndiye mwimbaji. Lusubilo gitaa. Yusuf, kwao Tunduma, baba yake mtu wa malori, alipiga dramu na ndiye mwenye jenereta. Walipiga ule muziki wa gitaa linalokoroma, wanauita roki, waliuokota kwenye redio za ng'ambo ya Zambia. Sisi watu wazima tulisema hao wanagonga mabati. Lakini vijana walishawapenda Mlowo, Vwawa, Tunduma, na Nakonde ng'ambo walishaanza kuitwa.

Basi Atuganile akashika maiki aijaribu. Wengine hupuliza, wengine huhesabu moja mbili. Yeye alikuwa na kawaida yake, anaita kama ukumbi umejaa.

"Wageni wangu, mpo?"

"Tupo."

Taratibu, kwa adabu, kama watoto darasani.

Lusubilo akacheka. "Mwangwi huo, dada. Bati hilo."

"Mwangwi unarudisha ulichosema. Mimi nimesema tupo?"

"Basi popo wamekuwa mashabiki. Tuwakatie tiketi!"

Yusuf hakucheka. Aliweka vijiti chini. "Atu, umeita nani? Bibi yangu anasema nyumba tupu haiitwi."

"Acha Uswahili wako wewe. Piga dramu."

Wakapiga. Na tangu siku ile watu wakajaa kila walipokwenda. Tunduma walijaa mpaka dirishani. Ila Atuganile akiita "mpo?", watu wanaitika, halafu nyuma ya watu wanaitika wengine, wamechelewa kidogo, kwa adabu ileile. Yusuf akisikia hivyo, vijiti vinamteleza.

Walipofika Nakonde ndiyo yakawa makubwa. Atuganile aliwaamkia wenyeji kwa lugha yao, "Mulishani!", akafungua kinywa aanze wimbo, na kabla sauti haijamtoka, wimbo ukaanza wenyewe kule nyuma ya ukumbi, gizani, kwa sauti yake yeye mwenyewe, na watu wote wakageuka wakampa mgongo, wakacheza wakitazama ukutani, na yeye amesimama pale na maiki, kifua kinapanda kinashuka, hewa inatoka na sauti haimo, na ile harufu ya nguo za sandukuni imemjaa puani mpaka machozi.

Alirudi Hasamba kwa mama yake akinong'ona tu. Asubuhi Ferista alikuwa anapeta mahindi uani, akasikia anaitwa kutoka kighala chake cha mahindi, "Mama!" Akaenda, akafungua. Mahindi tu. Kugeuka, mwanawe yuko mlangoni pa nyumba, anachezesha mdomo, na sauti inatoka kule ghalani nyuma yake.

Ferista ni mtu wa kanisa, hakuwa na habari za waganga. Lakini mtoto ni mtoto. Akamfunga mwanawe kitenge kichwani, wakaenda Tunduma kwa bibi yake Yusuf, Bi Mwasiti, muuza vitenge sokoni.

Bi Mwasiti akamnusa Atuganile nywele. Akashusha sauti. "Hawa hawakuingia kwa nguvu, mama. Wameitwa wageni, na wageni wanakula walichowekewa. Kimewekwa nini mezani? Sauti."

"Wafukuze basi."

"Majini walioitwa hawafukuzwi. Wakipigwa wataondoka nayo. Wanasindikizwa. Yeye mbele, wao nyuma, mpaka njia panda. Anawaaga, anageuka, basi. Kuaga tu."

Wakarudi Mlowo, wakawatoa wale wageni kwenye ghala la ushirika jua likielekea kushuka. Lusubilo alifungua milango yote miwili, hana mzaha tena. Atuganile akatangulia, mama yake na Bi Mwasiti pembeni, wakapita kando ya soko la mahindi, na wanunuzi hawakuona kitu ila walisogea, hawajui kwa nini walisogea, kuku wakapisha, mbwa akaingia chini ya gari, na nyuma ya Atuganile vumbi likawa linachapwa nyayo, hapa pana, hapa ndogo za watoto, hapa za mtu anayeburuta mguu, nyayo na nyayo mpaka njia nzima ikachafuka, na ile harufu ikawapita vichwani kama watu wanaotoka msibani.

Njia panda wakasimama. Atuganile akafungua kinywa aage. Hakuna kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Nyuma yake nyayo zimetulia, zinangoja.

Ferista alilelewa vizuri, hiyo ndiyo shida. Mgeni kusimamishwa njiani bila neno, hakuweza.

"Jamani, kwaherini," akasema. "Mfike salama. Karibuni tena."

Bi Mwasiti akamziba mdomo. "Umesema nini, mama Atu!"

"Nimeaga..."

"Umeaga na umekaribisha!"

Upepo ukapita, majani ya mahindi yakalala upande mmoja, upande wa Hasamba. Halafu Atuganile akakohoa, akasema "Mama," na sauti ilimtoka kifuani mwake.

Vumbi Jekundu walifika Mbeya, wakafika Sumbawanga. Ghala la Mlowo likarudi kunuka panya. Atuganile akimwambia mama yake njoo Tunduma tukae wote, Ferista anasema nani atalinda mahindi.

Siku moja jirani yake, Jenista, alipita kuomba chumvi. Akamsikia ndani anagomba kwa upole: "Sogeeni, msibanane. Kahawa ipo ya wote."

"Una wageni, mama Atu? Nimekuja kuomba chumvi."

Ferista akatoka mbio, akauvuta mlango nyuma yake, akauegemea kwa mgongo. Alikuwa amekonda. Alinong'ona, kasauti kembamba kama uzi. "Chumvi nitakuletea. Pita tu, mwenzangu. Usije ukabisha hodi hapa."

"Lakini mie sijabisha hodi."

Na nyuma ya mlango, taratibu, kwa sauti ya Ferista, watu wengi wakasema:

"Karibu, Jenista."