Kigae Chenye Mikunjo

“Usinisingizie! Chungu kilichopasuka ni chako!” Kijiko alifoka.

“Changu kilikuwa laini kama yai,” Marashi akajibu, pua juu. “Chako ndicho kilichokuwa na vinundu kama mgongo wa chura.”

Darasa likaangua kicheko. Tanuri la shule lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo, na katika kona moja hapakuwa na vyungu, ila vigae. Chungu kimoja kilipasuka motoni kikavunja cha jirani yake. Vyote viwili vilikuwa vya wasichana hawa, waliokaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

“Kelele!” Mwalimu wa ufinyanzi alisema. “Chungu hakipasuki hivihivi. Mmoja wenu hakuchambua udongo wake kutoa kokoto, na huyo atafagia majivu muhula mzima. Hatafinyanga tena.”

Kijiko alikuwa amemwahidi bibi yake chungu cha maji, na bibi alikuwa ameshakitengea mahali karibu na mlango.

Marashi alijua ukweli. Hakuitwa Marashi bure. Hata kalamu iliyotafunwa na mwenzake hakuigusa. Sasa mtu kama huyo aambiwe atie mikono kwenye pipa la nyuma ya darasa! Udongo ulikuwa umelowekwa humo mpaka ukaoza, kwa sababu udongo uliooza hunata vizuri. Ukifunua gunia lililofunika pipa, harufu ya yai viza inakupiga usoni. Ukiushika, unapenya kati ya vidole, mweusi, wenye utelezi kama kamasi. Siku ya kwanza Marashi alikuta mnyoo umejikunja kwenye bonge lake. Chakula cha mchana kilimpanda mpaka kooni.

Ndipo alipovaa mifuko ya plastiki mikononi, Mwalimu alipogeuka.

“Heshima yako, daktari wa upasuaji!” Kijiko alimcheka siku hiyo. Lakini alipoombwa asiseme, aliahidi, na mpaka sasa hakuwa amesema.

Mwalimu aliokota vigae viwili akavigeuza upande wa ndani. Kimoja kilijaa alama za vidole. Cha pili hakikuwa na hata moja. Kilikuwa na mikunjo myembamba, kama ngozi juu ya maziwa yaliyopoa. Katikati yake kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kokoto jeupe.

“Hiki cha nani?”

“Cha Kijiko,” Marashi alisema haraka.

Kijiko alimtazama tu rafiki yake, kama mtu atazamavyo matapishi njiani, kisha akasogea pembeni asimguse.

Ghafla Marashi akahisi ile harufu ya pipa. Haikutoka nje. Ilikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Akajifuta midomo kwa kiganja, mara mbili, lakini haikutoka.

“Hapana, Mwalimu,” akasema. “Ni changu. Nilivaa mifuko ya plastiki, sikulihisi hilo kokoto. Na Kijiko nimemsingizia.”

Mwalimu akapitisha kidole juu ya mikunjo ya kigae.

“Nilidhani mikunjo hii ni mapambo,” Mwalimu alisema. “Macho ya mfinyanzi ni vidole vyake, mwanangu. Wewe uliyafunga kwa plastiki kwa kuogopa uchafu, kisha ukaenda kuutafuta uchafu mbaya zaidi. Tope la mkononi hutoka kwa maji. Tope la ulimini hutolewa na kusema kweli tu, tena mapema, kabla halijakauka. Majivu utafagia.”

“Nitafagia, Mwalimu. Lakini bibi yake Kijiko anasubiri chungu. Niruhusu nimchambulie udongo.”

“Kwa mifuko?”

“Kwa vidole.”

Mwalimu akaonyesha mlango kwa kidevu. Marashi hakungoja aambiwe tena. Alitoka, akafunua gunia, akakunja mikono ya shati. Yai viza likampiga usoni. Alifumba macho akazamisha mikono mpaka viwiko. Kitu kilaini kikajipinda kwenye kidole chake. Akapiga yowe, lakini mikono hakuitoa. Akaanza kupapasa, akitafuta kokoto.

Nyuma yake akasikia hatua.

“Usitapike humo, Marashi,” Kijiko alisema, akikunja mikono ya shati lake. “Bibi atakunywa maji ya chungu hicho.”