Ufunguo Ndani ya Handaki

Haya yalimpata Nuala, jirani yangu, ambaye hata uongo wa kujitetea hajui kuutunga. Alasiri moja alikuwa akimpelekea dada yake mkate wa magadi kwa baiskeli, pamoja na shemeji yake Fergal, kupitia njia ya reli ya zamani. Vyuma vyenyewe viling'olewa kabla hatujazaliwa. Siku hizi ni lami tu, ya baiskeli na waenda kwa miguu.

Ndani ya handaki, gizani, maji yakidondoka ndo, ndo, ufunguo wa nyumba ukamponyoka Nuala. Wakausikia ukilia chini. Wakapapasa wee, wapi!

"Umeuficha wewe," Nuala alisema. "Mizaha yako naijua."

"Haya shemeji, nipekue!"

Akampekua kweli, hadi soksi. Hakuna kitu.

Wakatoka kuazima tochi kwenye kibanda cha chai. Wakiwa pale, vikombe vikaanza kutetemeka mezani, vikagongana, kisha vikatulia.

"Na hiyo nayo ni mimi?" Fergal aliuliza, bila kucheka.

Waliporudi, tochi iliuonyesha ufunguo katikati ya njia. Nuala akauokota, akauachia upesi. Ulikuwa umepondwa bapa, mwembamba kama wembe, na bado ulikuwa wa moto.