Samaki Aliyekula Kidole cha Waino

Haya ni kweli tupu, aliapa Waino Kettunen: kidole chake kidogo kililiwa na samaki mrefu kama mtumbwi, humo humo katika Ziwa Superior, mchana kweupe. Kama ni uongo, atawawashia wafanyakazi wote wa gatini chumba chake cha mvuke, kwa kuni alizopasua mwenyewe, kila Jumamosi, mpaka barafu ya ziwa ivunjike. Miaka thelathini ilipita bila mtu kumdai.

Mwaka huo binti yake, Lempi, aliajiriwa gatini. Kabla ya majira ya baridi, magati yanayoelea hufunguliwa vipande vipande na kutolewa majini kwa kreni. Kipande kimoja ni kizito kuliko gari. Waino alikuja na chupa yake ya kahawa kumtazama mwanawe akifanya kazi.

Kipande kilining'inia hewani, kimetulia tuli. Lempi akaweka kiganja ukingoni ili akisogeze mbali na ukuta wa mawe. Bernice, mwendesha kreni, alizima mashine akashuka.

"Dada, huo mkono umeuchoka?"

"Si nimevaa glavu?"

Bernice alimwomba glavu moja, akaijaza karoti za chakula chake cha mchana, akaitundika ukutani. Kisha akarudi juu akawasha kreni.

Hakukuwa na upepo. Kipande kiliyumba upana wa kiganja tu, polepole kama ng'ombe anayegeuka zizini, kikaugusa ukuta. Hakikutoa hata mlio. Kiliporudi, glavu ilikuwa bapa kama karatasi, na maji ya karoti yalichuruzika kwenye mawe. Wafanyakazi sita wakavua kofia bila kuambiwa.

Bernice akawaeleza. Glavu huzuia mikwaruzo, haizuii uzito. Mzigo unaoning'inia huongozwa kwa kamba, mtu akiwa amesimama mbali, au kwa fimbo ndefu. Mkono hauingii kati ya mzigo na kitu kisichosogea. Na kuanzia leo yeye Bernice hanyanyui kitu mpaka aone mikono yote juu.

Waino aliitazama ile glavu, hasa kidole kidogo.

"Lempi," alisema, "hakukuwa na samaki. Ni ukuta huu huu."

"Baba! Mimi nimekua nikiogopa ziwa, kumbe nilipaswa kuogopa ukuta."

"Niliona aibu, mwanangu."

"Aibu tumekusamehe, mzee," Bernice akasema. "Kuni hatujakusamehe."

Basi akapasua kuni majira yote ya baridi. Kila Jumamosi, ndani ya mvuke, Bernice aliagiza mikono juu, na wote wakacheka wakainua. Waino hakucheka. Alihesabu vidole vya Lempi, polepole, mpaka kumi. Kisha akaongeza gogo lingine motoni.